Skuta mpya na waranti yake: tathmini baada ya hitilafu ya mapema

Tathmini hii inahusu vitu vitatu ambavyo mnunuzi huvilipia kwa pamoja ingawa kwenye risiti huonekana kimoja tu: skuta yenyewe, muuzaji aliyeikabidhi, na waranti ya mtengenezaji iliyochapishwa katika kijitabu kinachowekwa chini ya kiti. Chombo ninachokizungumzia kina injini ya sentimita za ujazo 125, hakina gia za kubadilisha kwa mkono wala mguu, na mafuta yake hunyunyizwa na injekta badala ya kabureta. Kilianza kukataa kuwaka kikiwa bado kipya kabisa, kabla hakijafikisha kilomita za sevisi ya kwanza. Hitilafu yenyewe, ilipokuja kujulikana, ilikuwa ndogo. Lakini ilishughulikiwa kwa namna mbili zinazopingana, na mafundi wa pande mbili, chini ya waranti ileile, na tofauti hiyo ndiyo iliyonifanya niandike.

Hukumu yangu naitoa mapema. Skuta ni nzuri, muuzaji alishindwa kazi yake, na mtengenezaji alitimiza sehemu kubwa ya wajibu wake pale tu alipofikishiwa jambo kwa maandishi. Watu wengi hulinganisha waranti kwa miaka, huyu anatoa miwili na yule mitatu, nami naona kipimo hicho hakitoshi hata kidogo. Kinachompa mnunuzi nafuu ni kama anayeitekeleza waranti analazimika kutafuta chanzo cha hitilafu kabla hajagusa kipuri chochote. Waranti ya miaka mitano inayobadilisha betri kila inapokufa, bila mtu kuuliza kwa nini inakufa, ina thamani ndogo kuliko ya mwaka mmoja inayopima kwanza.

Kuhusu skuta yenyewe sitakawia. Inaondoka kwa ulaini, mkanda wake haupigi kelele, breki zinashika bila kuivuta pembeni, na nafasi iliyo chini ya kiti inaingia kofia ngumu bila kulazimishwa. Rangi imepakwa vizuri hata kwenye pembe ambazo mtu haoni mpaka apige magoti. Tangu mwanzo niliiendesha kama kijitabu kinavyoelekeza kwa injini mpya: bila kuikamua, bila kushikilia kasi moja kwa muda mrefu, na kwa kuangalia kiwango cha oili mara kwa mara. Nayataja haya kwa sababu maswali yote ya kwanza ya muuzaji yalilenga matumizi yangu, na hakuna hata moja lililolenga chombo.

Dalili zilianza taratibu. Asubuhi starta ilizungusha injini kwa uzito, kama inayosukuma mzigo, kisha ikafika mahali ambapo ukibonyeza kitufe unasikia rilei, yaani swichi ya umeme ya starta, ikigonga tu, taa za dashibodi zinafifia na saa inarudi sifuri. Baadaye likaongezeka jambo lililonitia hofu zaidi. Kwenye foleni, injini ikiwa katika mzunguko wa chini, nimeshika breki na indiketa inawaka, injini ilisitasita na mara nyingine ikazima kabisa. Kuzimikiwa na chombo katikati ya magari yanayosogea ni hatari kwa maisha, na mtu asikubali kuambiwa kwamba ni usumbufu mdogo wa chombo kipya kinachozoea barabara.

Inafaa kuelewa kwa nini tatizo la umeme linaweza kuizima injini iliyokwisha kuwaka. Katika pikipiki nyingi za zamani zenye kabureta, betri ikiisha ulipiga kiki na kuendelea na safari, kwa sababu cheche za plagi zilitokana moja kwa moja na mzunguko wa injini. Skuta nyingi za kisasa zenye injekta hazina kiki, na hata zile zilizo nayo zinahitaji umeme wa kutosha kuendesha pampu ya mafuta na kompyuta ya injini. Volti zikishuka kupita kiasi, pampu inapoteza nguvu, kompyuta inajizima na kujiwasha upya, na injini haina la kufanya isipokuwa kusimama. Kwa hiyo mteja anaposema kwamba skuta yake haiwaki asubuhi na pia inazima kwenye foleni, anaeleza ugonjwa mmoja, na fundi makini angetilia shaka mfumo wa kuchaji tangu sentensi ya kwanza.

Karakana ya muuzaji haikufanya hivyo. Mara ya kwanza waliichukua, wakaichaji betri usiku kucha, wakanirudishia wakisema iko sawa. Hakukuwa na kadi ya kazi, hakukuwa na kipimo kilichoandikwa, hakukuwa na jina la fundi aliyeikagua. Dalili ziliporudi, msimamizi wa karakana aliniambia kwamba betri ni kitu cha kuchakaa na haimo kwenye waranti, hivyo ninunue nyingine. Nilikuwa na kijitabu mkononi. Ukurasa wa waranti ulisema wazi kwamba betri ina waranti yake ya miezi 6 tangu siku ya kukabidhiwa chombo, na kwamba vitu visivyohusika ni pedi za breki, mkanda, balbu, plagi na viatu vya klachi vikiisha kwa matumizi ya kawaida. Nilimwonyesha. Alisoma, akasema kwamba hiyo ni karatasi ya kiwandani na wao wana utaratibu wao.

Kauli hiyo ndiyo iliyoniudhi kuliko kuzimikiwa barabarani. Muuzaji aliyeidhinishwa anapopokea malipo ya chombo kipya, kijitabu cha waranti ni sehemu ya kile alichokiuza, na hana mamlaka ya kukipunguza kwa utaratibu wa ndani ambao mteja hakuonyeshwa kabla ya kulipa. Kama utaratibu upo, uandikwe na ubandikwe mahali pa mauzo, ili mtu aamue akiwa bado ana fedha yake mfukoni.

Lakini hata kama wangenipa betri mpya bila ubishi, kazi ingekuwa imefanywa vibaya, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo wateja wengi wanapopotezewa muda. Umeme wa skuta hupita njia fupi sana. Sumaku zilizofungwa kwenye injini huzunguka kando ya koili za waya na kuzalisha umeme unaobadilika uelekeo. Rekitifaya huugeuza kuwa wa uelekeo mmoja na kuzuia volti zisipande kupita kiasi. Kutoka hapo waya mmoja mnene huupeleka kwenye betri na kwenye vifaa vyote. Betri nzima ya volti 12 iliyopumzika bila kutumika huonyesha kati ya volti 12.6 na 12.8. Ikisoma karibu na 12.0, imekwisha au inakaribia kwisha. Injini ikiwaka katika mzunguko wa kati, kipimo kwenye ncha za betri kinapaswa kupanda hadi kati ya 13.5 na 14.5. Kikivuka 15, rekitifaya imeshindwa kuzuia na betri inaungua polepole. Kisipopanda, betri haipati chakula chake, na hata ukiweka mpya leo itakufa kama iliyotangulia. Vipimo hivi havihitaji kufungua wala kukata kitu chochote. Vinahitaji mita ya kawaida ya kupima volti, mtu anayejua kuisoma, na dakika chache.

Isitoshe, betri ya risasi na asidi ikiachwa bila chaji ya kutosha huharibika yenyewe. Fuwele za salfeti ya risasi hujengeka juu ya bamba zake, na kadiri zinavyokaa ndivyo zinavyokuwa ngumu kuyeyuka, mpaka betri ishindwe kushika chaji hata ikiunganishwa na chaja nzuri. Kwa hiyo karakana ilipotangaza hatimaye kwamba betri ni mbovu, ilikuwa inasema kweli, ila ilikuwa inaeleza matokeo na kuyaita chanzo. Mteja asiyejua tofauti hii hulipia betri, hufurahi kwa wiki chache, kisha hurudi palepale huku muda wa waranti ukiendelea kuhesabiwa.

Kuna swali jingine nililouliza ambalo halikujibiwa. Betri nyingi za pikipiki husafirishwa zikiwa kavu, na asidi yake huja katika chupa ya pembeni. Anayezikabidhi ndiye anayejaza, anayesubiri bamba zinywe asidi hiyo, kisha anachaji kwa mkondo mdogo kabla ya kufunga. Hatua ya kuchaji ikirukwa ili mteja asikawie, betri huanza maisha ikiwa na upungufu na mara nyingi haifikii tena uwezo wake kamili. Niliomba kuona fomu ya ukaguzi uliofanywa kabla sijakabidhiwa skuta. Nilionyeshwa karatasi yenye alama za tiki zilizopigwa kwa kalamu ileile na mwandiko uleule kutoka juu hadi chini, bila volti hata moja kuandikwa, wala shinikizo la upepo wa matairi. Siwezi kusema kwa karatasi hiyo kwamba betri haikuchajiwa. Naweza kusema kwamba karatasi hiyo haimsaidii mtu yeyote kujua, na ukaguzi usioacha kipimo nauhesabu kuwa haukufanyika.

Ziliporudi dalili kwa mara nyingine, mazungumzo yaligeuka kuwa mashtaka. Je, nimefunga taa za ziada? Je, nimeweka mahali pa kuchajia simu? Je, naiosha kwa mashine ya maji yenye msukumo? Maswali haya yana haki yake, kwa sababu kifaa kilichounganishwa ovyo kinaweza kweli kumaliza betri, na maji yenye msukumo yanaweza kupenya kwenye viungo vya waya. Lakini hujibiwa kwa kukagua. Skuta ilikuwa mbele yao, waya zake zote zikiwa na mikanda ya kiwandani ambayo haijaguswa, na ilitosha kuvua plastiki moja ya ubavuni kuona. Badala yake nilielezwa kwamba kwa kuwa haiwezekani kuthibitisha jinsi nilivyoitumia, ombi langu la waranti lingekuwa gumu.

Hapo niliacha kuzungumza nikaandika. Barua ilikwenda kwa idara ya huduma ya mtengenezaji kwa anwani iliyochapishwa kwenye kijitabu, na nakala kwa muuzaji. Niliweka namba ya chasisi yenye herufi na tarakimu 17, namba ya injini, kilomita zilizosomeka, tarehe ya kukabidhiwa, na tarehe za kuipeleka karakana. Nilieleza dalili bila kubashiri kipuri kibovu: inatokea wakati gani, injini ikiwa ya moto au baridi, taa zikiwaka au la. Niliambatanisha video fupi ya dashibodi ikififia na picha za mita ikisoma kwenye ncha za betri, moja injini ikiwa imezimwa na nyingine ikiwa inaunguruma katika mzunguko wa kati, ambapo kipimo kilikomea chini kidogo ya 13. Mwisho niliomba vitu viwili: chanzo kitafutwe na kiandikwe, na nijibiwe kwa maandishi.

Namshauri kila anayekutwa na jambo kama hili asitangulize hasira kwenye barua, hata kama anayo ya haki. Anayeisoma kule hakuwepo karakana, hakusikia kauli niliyoisikia, na hawezi kuipima. Anachoweza kupima ni volti, kilomita na tarehe. Vilevile, kutaja kipuri fulani kwamba ndicho kibovu huwapa mwanya wa kukijaribu hicho peke yake, wakakikuta kizima, na kufunga faili.

Jibu lilikuja haraka kuliko nilivyotarajia baada ya yaliyotangulia, nikaelekezwa karakana nyingine iliyoidhinishwa. Fundi aliyenipokea alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, “Tupime kwanza, ndugu, maneno yatafuata.” Alifungua kadi ya kazi kabla ya kufungua skuta. Akawasha injini, akaacha taa ya mbele ikiwaka, akaigusisha ncha moja ya mita kwenye waya unaotoka rekitifaya na nyingine kwenye fremu: 14.1. Kisha akaihamisha ile ncha ya kwanza hadi kwenye chanya ya betri, injini ikiwa katika mzunguko uleule: 12.9.

“Volti 1.2 zinapotea njiani,” akaniambia, “na njia yenyewe haifiki hata mita moja.”

Akaufuata waya kwa vidole mpaka ulipoingia kwenye soketi ya plastiki iliyojificha nyuma ya kifuniko cha ubavuni, akaacha kidole hapo, akakiondoa haraka. Soketi ilikuwa ya moto. Alipoifungua, plastiki yake ambayo ingepaswa kuwa nyeupe ilikuwa imegeuka kahawia upande mmoja, na ncha moja ya waya ilicheza ndani yake. Aliivuta nje akanionyesha kwenye mwanga: kibanio cha chuma kilichopaswa kuuma shaba ya waya kilikuwa kimeuma ganda lake la plastiki, na nyuzi chache tu za shaba ndizo zilizokuwa zikigusa. Kazi hiyo hufanywa kiwandani wakati wa kutengeneza waya, kabla skuta haijawa skuta.

Kila kitu kilielezeka kutoka hapo. Umeme wote wa kuchaji ulikuwa ukipita kwenye nyuzi hizo chache. Kama vifaa na betri vinavuta ampia 8 na volti 1.2 zinapotelea kwenye kiungo, basi karibu wati 10 za joto zinazalishwa ndani ya soketi ndogo isiyo na upepo, na hizo zinatosha kuikausha plastiki na kuilegeza ncha, na ncha ikilegea ukinzani, yaani ugumu wa umeme kupita, unaongezeka, na ukinzani ukiongezeka joto linazidi. Ndiyo maana tatizo lilianza kwa upole likaendelea kukua. Ndiyo maana pia lilikuwa baya zaidi kwenye foleni, ambapo injini inazunguka polepole na kuzalisha kidogo huku taa zikidai kilekile.

Swali la maji nalo lilijibiwa palepale. Fundi alinieleza kwamba maji yakiingia kwenye kiungo cha shaba huacha kutu ya kijani na unga mweupe, na mara nyingi huanza kwenye ncha zote za soketi. Hapa ncha nyingine zote zilikuwa zinang'aa, na iliyoharibika ilikuwa na rangi ya kuungua tu. Alipiga picha, akaandika kwenye kadi maneno ambayo karakana ya kwanza ilikuwa na nafasi zaidi ya moja ya kuyaandika: chanzo, kibanio cha waya kilichofungwa vibaya wakati wa utengenezaji, athari, kuchaji pungufu na betri kuharibika.

Sentensi hiyo moja ilibadilisha kila kitu kuhusu nani analipa. Betri iliyoharibiwa na hitilafu ya kiwandani haihesabiwi tena kuwa betri iliyochakaa, na haikuhitaji hata kujadiliwa kama miezi 6 yake imebaki au la. Sehemu ya waya ilibadilishwa pamoja na soketi, betri mpya ikachajiwa taratibu kabla ya kufungwa, na rekitifaya ikaachwa kwa sababu ilipimwa ikakutwa nzima. Naheshimu hilo la mwisho kuliko yote. Fundi asiyejua chanzo hubadilisha vipuri vitatu ili kimoja kiwe ndicho. Baada ya kazi alirudia kipimo kilekile, taa zikiwaka, na safari hii tofauti kati ya rekitifaya na betri haikufika hata sehemu ya kumi ya volti. Namba zote, za kabla na za baada, ziko kwenye kadi niliyopewa nakala yake.

Kwa nini karakana mbili zilizoidhinishwa na mtengenezaji mmoja zitofautiane kiasi hiki? Sidhani kwamba ni ujuzi peke yake. Katika biashara ya vyombo vya moto, mtengenezaji humlipa muuzaji kazi ya waranti kwa muda uliopangwa kwa kila aina ya ukarabati, na muda wa kutafuta chanzo mara nyingi huhesabiwa kidogo au huachwa nje. Kubadilisha betri kuna mstari wake kwenye orodha. Kufuata waya kwa vidole huenda hakuna. Mpango wa malipo wa namna hiyo humvuta muuzaji kuelekea kipuri chepesi kubadilishwa, au kuelekea kumkatalia mteja kabisa. Hiyo haimwondolei muuzaji lawama, kwani yeye ndiye aliyeuza na yeye ndiye aliye karibu na mteja. Lakini mtengenezaji anayetaka waranti yake iheshimiwe anapaswa kulipia uchunguzi kama kazi kamili, na katika hili nampunguzia alama hata yeye aliyenihudumia vizuri mwishowe.

Kuna jambo la sheria ambalo mnunuzi wa chombo chochote afadhali alijue. Waranti ya mtengenezaji ni ahadi yake ya hiari, nayo hukaa juu ya haki ambazo sheria ya mauzo inampa mnunuzi dhidi ya muuzaji, haizifuti. Katika nchi za Umoja wa Ulaya sheria humlinda mnunuzi wa kawaida kwa muda usiopungua miaka 2, na kasoro ikijitokeza ndani ya mwaka wa kwanza huchukuliwa kwamba ilikuwepo tangu siku ya kukabidhiwa, mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo. Uingereza, chini ya sheria ya haki za walaji ya mwaka 2015, mnunuzi ana siku 30 za kukikataa kitu chenye kasoro na kurudishiwa fedha, na kasoro inayodaiwa ndani ya miezi 6 ya kwanza, mnunuzi akitaka kitengenezwe au kibadilishwe, huhesabiwa kuwa ilikuwepo tangu mwanzo. Marekani, sheria ya waranti ya mwaka 1975 inamzuia mtengenezaji kuifunga waranti yake kwa sharti kwamba mteja atumie vipuri au huduma za jina fulani, labda kama anavitoa bure au amepata ruhusa maalumu. Kila nchi ina ya kwake na mtu asome ya mahali anaponunua. Ninachokipenda katika hizo mbili za kwanza ni msingi wake: chombo kikiharibika kikiwa bado kichanga, mzigo wa kueleza sababu unakaa kwa aliyekiuza. Msimamizi aliyeniambia kwamba haiwezekani kuthibitisha nilivyoitumia skuta alikuwa ameugeuza msingi huo juu chini.

Kilichobaki bila kulipwa ni gharama ya kuibeba skuta kwa gari ilipozima, na muda nilioishi bila usafiri. Kijitabu kinaondoa vyote viwili kwa aya moja ya maandishi madogo, kama vijitabu vingi vya aina yake vinavyofanya. Niliomba gharama ya kubebwa irudishwe hata hivyo, kwa hoja kwamba isingekuwepo kama hitilafu ingetafutwa mara ya kwanza nilipoipeleka. Idara ya huduma ilikubali kulipa sehemu kwa hisani, ikisisitiza kwamba si wajibu wake. Nilipokea, ila naona hoja yangu ilistahili zaidi ya hisani, kwa sababu ucheleweshaji ulisababishwa na wakala waliyemteua wenyewe.

Kwa hiyo, kwa anayetafuta skuta ya kiwango hiki: chombo nakipendekeza bila wasiwasi. Kibanio kimoja kilichofungwa vibaya hakinifanyi niwaze kwamba injini au fremu imetengenezwa ovyo, na tangu irekebishwe inawaka kwa mguso wa kwanza kila asubuhi. Karakana ya pili naipendekeza kwa moyo wote. Muuzaji wa kwanza simpendekezi, na sababu yangu si kwamba alikosea katika utambuzi, bali kwamba hakupima, hakuandika, na alitumia kutokuandika kwake kama hoja dhidi ya mteja.

Anayekwenda kuchukua skuta mpya aombe volti za betri zipimwe mbele yake, injini ikiwa imezimwa na ikiwa inawaka, ziandikwe kwenye fomu ya makabidhiano pamoja na tarehe na sahihi. Muuzaji anayekataa jambo la dakika chache kabla ya kulipwa hatalifanya baada ya kulipwa. Kila inapoingia karakana, hata kwa jambo dogo, mteja asiondoke bila nakala ya kadi ya kazi, kwa kuwa bila hiyo ziara hiyo haitahesabiwa popote. Na baada ya ukarabati wa waranti aulize kwa maandishi kama kipuri kipya kina muda wake au kinafuata muda uliobaki wa chombo. Kwangu jibu lilikuwa kwamba waya unafuata waranti ya skuta hadi itakapokwisha, na betri imeanza kuhesabiwa miezi yake 6 upya tangu siku ilipofungwa. Kauli hiyo nimeibandika ndani ya kijitabu, kwenye ukurasa wa sevisi ya kwanza, juu ya muhuri wake.